Huna Deni Hapa

Umenikuta sokoni, kijana wa Nurbhai,
ukaniuliza kwa adabu uliyolelewa nayo:
"Bi Tima, mbona siku hizi hatukuoni dukani?"
Nikakujibu: shughuli.
Uwongo wa heshima, kama pazia la mlangoni,
halimzuii mtu, linazuia jicho.

Sasa umeme umekatika Malindi nzima,
cherehani yangu ni ya miguu, haiogopi giza,
basi nikwambie.

Si bei.
Wengine watakwambia bei, maana bei haimvunjii mtu uso.
Kweli, vifungo naagiza Mombasa kwa simu,
vinakuja na basi la alfajiri,
na nusu yake ni rangi nyingine.
Nikivirudisha nakula hasara.
Na bado naagiza. Jiulize.

Msellem alikuwa na kijiti cha wari,
cheusi kwa jasho la mikono, kimelika ncha moja,
na sote tulijua kimelika.
Kwa hiyo akishapima alilegeza kitambaa
vidole vinne zaidi, akasema: "Hivi vya kijiti."
Katika vidole vinne hivyo nimeshona
kola za watoto wa Barani,
kibindo cha mama mkwe,
nguo ya mwanasesere asiye na mkono.
Siku hizi kijana wa mezani anakata
pale pale penye alama, mkasi hautetemeki.
Ni haki yake, sikatai.
Haki nayo ina ubaridi, kama sakafu yenu mpya.

Kisha benchi.
Lile la chini ya ngazi, kati ya masufuria na masanduku ya bati,
walipokaa wanawake wa Ganda na Mambrui
wakipumzisha miguu, hawana haja ya kitu,
wakaondoka na kijiko, na ndoo, na shuka la mgonjwa.
Mkasema linakula nafasi.
Mkapanga friji nne. Hakuna friji
iliyowahi kuniuliza pumu ya mwanangu imefikia wapi.

Mlinzi akanivua mkoba, akanipa namba kumi na saba.
Hilo nililimeza.

Lakini siku ya deni, nakumbuka hata leso niliyojifunga.
Shilingi mia tatu na arobaini,
uzi na lastiki, wiki aliyolazwa marehemu.
Babako alikuwa na daftari la jalada jekundu,
na jina langu hakuliandika: alinichorea sindano.
Mpishi wa shule alikuwa chungu.
Mwalimu Randu, miwani yenye kioo kimoja.
Nilipotoka eda nikaja na pesa zimekunjwa kiganjani.
Binti wa mashine akabonyeza, akabonyeza tena,
akatabasamu: "Mama, huna deni hapa."
Ninalo, nikamwambia.
"Mashine haikujui."
Nikasimama kama mtu aliyekuja mazikoni
akaambiwa hakuna aliyekufa.

Miaka thelathini na mmoja nilirudi kwenu
kwa sababu sikuwahi kumaliza.
Nikilipa mia, nachukua ya themanini,
babako akifuta, anaacha mkia kidogo wa wino
ili njia isiote nyasi.
Mkanisamehe bila kuniuliza.

Binti hakuwa mbaya. Aliona nimesimama tu,
akanipa kadi inayong'aa: Mteja Mwaminifu.
Nijaze fomu, akasema,
nitaanza na pointi sifuri.

Kadi ninayo, usidhani niliitupa.
Ukingo wake umenyooka kuliko rula,
naipigia chaki mifuko ya sare.
Na mia tatu na arobaini zimo
ndani ya kopo la vifungo, hapa kando ya mguu wangu.
Nikikanyaga, zinagonga.